Karatasi ya Gazeti: Imetengenezwa Iishi Siku Moja



Wasomaji wetu watukufu, mwezi uliopita mjukuu wetu wa miaka tisa alisimama mbele ya fremu iliyotundikwa sebuleni kwetu, akaitazama kwa kitambo, kisha akauliza: "Babu, mbona hawa watu wamemwagiwa chai?" Tulicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na raha. Ndani ya fremu ile mlikuwa na kipande cha gazeti la Unguja la mwaka 1959, chenye picha ya wanaume watano waliosimama gatini Malindi. Mmoja wao ni marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Picha nyingine ya baba katika umri ule hatunayo.

Marehemu mama alikiweka kipande kile kwa karibu miaka arobaini ndani ya kasha lake, kimefungwa kwa pande la kanga kuukuu. Alipotukabidhi mwaka 1998, tulipokwenda kumzuru, kilikuwa kimeingia umanjano pembezoni, lakini nyuso zote tano zilionekana na maandishi yakisomeka. Sisi wasomi, wenye shahada zetu, tukaona kasha ni mambo ya kizamani. Tulikibandika kwa selotepu juu ya kadibodi, tukakitia fremu ya kioo, tukakitundika hapa Uingereza kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, ili kila mgeni akione. Kwa miaka ishirini na kitu ya ukutani, kipande kimeharibika kuliko kilivyoharibika kwa miaka arobaini ya kashani. Baba amebaki kivuli tu, na palipopita selotepu pana mchirizi wa kahawia kama kovu la moto.

Swali la mtoto lilitufanya tusome na kuuliza, na haya ndiyo tuliyoyapata. Tunayaandika kwa kuwa tunajua sisi si peke yetu. Katika nyumba zetu nyingi huku ugenini mna bahasha yenye vipande vya magazeti: matokeo ya mtihani, tanzia ya mzee, picha ya timu ya mpira, tangazo la harusi. Na vyote vinaungua polepole bila ya moto.

Neno lenyewe karatasi tumelirithi kutoka Kiarabu, qirtas, nalo limetajwa katika Qur'ani, katika Suratul An'aam. Lakini zama zile qirtas haikuwa karatasi tuijuayo leo. Karatasi ya Kichina iliwafikia Waislamu baada ya vita vya Talas vya mwaka 751, ikatengenezwa Samarkand, na kabla ya karne ile kwisha ilikuwa inatengenezwa Baghdad. Karatasi hiyo, na ile ya Ulaya iliyofuata, ilitokana na matambara ya kitani na pamba, yaliyooshwa, yakapondwa na kugeuzwa rojo. Nyuzi za matambara ni ndefu, safi na imara. Ndiyo maana misahafu iliyonakiliwa kwa mkono huko Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19, juu ya karatasi zilizotoka Ulaya, ingali inasomeka mpaka leo, iwapo mchwa na maji havikuifikia. Mzee wa Siyu aliyechovya kalamu yake katika wino miaka mia mbili iliyopita ameandika juu ya kitu imara kuliko mpiga picha wa gatini mwaka 1959.

Mabadiliko yalikuja kwa sababu ya njaa ya matambara. Karne ya 19 ilipoingia, Ulaya na Marekani walikuwa na mashine za kutengeneza karatasi mfululizo na mitambo ya kuchapia inayoendeshwa kwa mvuke, na gazeti la The Times la London lilianza kuchapwa kwa mvuke mwaka 1814. Mitambo ilimeza karatasi, nayo matambara hayakutosha. Mwanachuoni Mfaransa, Réaumur, alikwisha kuonya mwaka 1719 kwamba nyigu hujenga kiota chake kwa kutafuna mbao, na kwamba kiota kile ni karatasi. Ilimchukua binadamu zaidi ya miaka mia moja kumfuata mdudu. Mwaka 1844 kijana mmoja wa Nova Scotia, Canada, Charles Fenerty, alilipelekea gazeti la mji wa Halifax barua pamoja na kipande cha karatasi alichokitengeneza kwa mti uliosagwa, akaomba kijaribiwe. Hakuna aliyemjali. Miaka hiyohiyo Mjerumani mmoja wa Saxony, Friedrich Gottlob Keller, aliyekuwa mfumaji, alikuwa akisaga mti kwenye jiwe linalozunguka huku akitia maji, na rojo yake ikatoa karatasi. Keller naye hakutajirika, kwani ilimbidi auze haki ya uvumbuzi wake kwa Heinrich Voelter mwaka 1846, na ni huyo wa pili aliyeisambaza mashine.

Basi karatasi ya gazeti ni mti uliosagwa. Magogo ya misonobari na miti ya jamii yake, ambayo hukua kwa wingi katika nchi za baridi kama Canada, Sweden na Finland, humenywa maganda, yakasagwa kwa mawe au, katika viwanda vya siku hizi, yakakatwa vipande na kusagwa kwa visahani vya chuma katika mvuke. Rojo inayopatikana huchanganywa na maji mengi mno, hata zaidi ya sehemu 99 katika mia huwa ni maji matupu, ikamwagwa juu ya wavu unaokimbia. Maji huchuruzika, utando wa nyuzi hubaki, hukamuliwa, hukaushwa kwa mapipa ya chuma yenye joto, kisha hupigwa pasi baina ya rola nzito na kuzungushwa kuwa jora, kama jora la kitambaa. Mashine kubwa hutoa zaidi ya mita 1,000 kwa dakika moja. Na kwa kuwa ualimu haustaafu, hapa tulichukua kalamu: karatasi ya gazeti ina uzito wa kiasi cha gramu 45 kwa mita moja ya mraba, hali karatasi ya ofisini ni gramu 80. Jora la tani moja lenye upana wa mita 1.6, likikunjuliwa, litafika karibu kilomita 14.

Sasa tufike penye siri ya ile rangi ya chai. Mti una vitu viwili vikubwa tunavyovihitaji katika maelezo haya. Kuna selulosi, yaani zile nyuzi nyeupe zenyewe, na kuna lignini, ambayo ni gundi inayozishika nyuzi pamoja na kuupa mti ugumu wa kusimama. Anayetaka karatasi ya kitabu kizuri huupika mti kwa kemikali mpaka lignini iyeyuke na kutoka. Lakini hapo hupoteza karibu nusu ya mti wake. Anayetaka karatasi ya gazeti huusaga mti ulivyo, na lignini yake ndani, na katika kilo 100 za mti mkavu hupata kilo zipatazo 95 za rojo. Faida ya bei ni kubwa, nayo ndiyo iliyoliwezesha gazeti kuuzwa kwa senti chache hata mchukuzi wa bandarini akalimudu. Bila ya lignini kubaki ndani ya karatasi, watu wengi wa tabaka la wazazi wetu wasingelisoma gazeti kabisa.

Ila lignini ikipigwa na mwanga, na hasa mwanga wa jua, ikakutana na hewa, hubadilika na kutoa rangi ya manjano na kisha kahawia. Aidha karatasi hizi za zamani zina asidi, na zinavyozeeka huzidi kuzalisha asidi, nayo hukatakata nyuzi za selulosi mpaka karatasi ikavunjika kama bisikuti. Joto huharakisha kazi hiyo, na unyevu vilevile. Ndiyo kusema, hali ya hewa ya Unguja si rafiki wa gazeti hata kidogo. Lakini kasha la mama lilikuwa na kitu kimoja ambacho sebule yetu haikuwa nacho, nacho ni giza.

Msidhani basi kwamba karatasi hii ni kitu duni kilichotengenezwa na wavivu. Kwa kazi yake ni hodari. Ni nyepesi, lakini kwa kuwa nyuzi zake ni fupi zilizochanganyika na vumbi la mti, haionyeshi maandishi ya upande wa pili, na karatasi safi ya uzito ule ingelionyesha. Hunywa wino papo hapo. Wino wa gazeti wa kawaida ni masizi yaliyochanganywa na mafuta, nao haukauki kwa hakika bali hufyonzwa, na ndiyo sababu vidole vyetu huwa vyeusi baada ya kusoma. Na kwa kuwa karatasi hufyonza na uso wake una mparuzo, picha ya gazeti huchapwa kwa vidoto vikubwa kuliko vya jarida la kung'aa, la sivyo wino ungelitapakaa na kuziba. Mchukueni mtoto, mpeni kioo cha kukuzia, aangalie uso wa mtu katika gazeti. Ataona hamna uso, mna vidoto tu.

Jaribu na hili. Chukua ukurasa wa gazeti uchane kutoka juu kwenda chini, kisha uchane mwingine kutoka kushoto kwenda kulia. Upande mmoja utachanika sawasawa kama uliokatwa kwa rula, na upande wa pili utakwenda mrama. Mashine inapokimbia, nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo wake, kama mashua zilizofungwa nanga katika mkondo mmoja, na karatasi huchanika kwa kufuata ulalo huo. Wauza karanga wa Darajani walilijua jambo hili bila ya kufundishwa. Kwa mkono mmoja, bila ya mkasi, walikuwa wakichana kipande, wakakizungusha kikawa pembe, wakatia karanga za senti kumi. Sisi tulijifunza kusoma kwa haraka kutokana na karanga hizo, kwani ilikuwa lazima umalize habari kabla mafuta hayajaenea, na siku zote habari ilikatika mahali penye utamu.

Matumizi mengine mnayajua kuliko sisi. Fundi cherehani hukatia mfano wa gauni. Kina mama hufungia vyombo wakati wa kuhama, hung'arishia vioo, hutandika ndani ya kabati, na viatu vilivyoroa hujazwa gazeti usiku kucha vikaamka vikavu. Jamaa zetu wa Ghuba hulitandika chini wakati wa kula, sinia likawekwa katikati. Hapo yafaa tusimame kidogo kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba magazeti ya Kiarabu, na hata ya Kiswahili, huwa na aya za Qur'ani na majina matukufu, na wazee wetu walikuwa wakilipitia ukurasa kwa ukurasa kabla ya kulitandika, wakiziweka kando kurasa hizo mpaka zichomwe au zifukiwe. Kazi hiyo ilikuwa ya watoto, na tuliifanya kwa fahari. La pili ni la afya. Chakula cha moto chenye mafuta kikigusa gazeti huvuta mafuta ya wino, na India mwaka 2016 mamlaka ya usalama wa chakula iliwatahadharisha wananchi wasifungie wala kuwekea chakula katika magazeti. Bajia na vitumbua vifungiwe katika karatasi nyeupe isiyochapwa.

Magazeti yaliyosalia hurudi kiwandani. Hulowekwa yakawa rojo tena, ikatiwa sabuni na kupulizwa hewa, wino ukapanda juu na povu likaenguliwa. Uzi mmoja waweza kuzunguka hivyo mara tano hadi saba kabla haujawa mfupi mno. Lililoroa mafuta ya chakula halifai, kwa hiyo msilitie katika pipa la karatasi mkadhani mmefanya wema. Siku hizi kazi hii inapungua, kwani watu wamehamia kwenye simu, na viwanda kadhaa vya Ulaya na Marekani ya Kaskazini vimeacha karatasi za magazeti vikageukia makatoni. Kwetu Afrika Mashariki, kiwanda kikubwa cha karatasi cha Webuye, Kenya, kilifunga milango mwaka 2009.

Kinachotusumbua sisi hasa ni yale yaliyokwisha kuchapwa. Fikirini: gazeti la Al-Najah lililotoka Unguja mwaka 1911, Al-Falaq la mwaka 1929, Al-Islah alilolianzisha Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui mjini Mombasa mwaka 1932, Mwongozi lililofuata Unguja. Mijadala ya babu zetu juu ya elimu, lugha, dini na siasa imo humo, juu ya karatasi iliyonunuliwa kwa ajili ya kusomwa siku moja. Hapa Uingereza Maktaba ya Taifa ilijenga huko Boston Spa, Yorkshire, ghala maalumu la magazeti lililofunguliwa mwaka 2015. Ndani yake ni giza, joto ni nyuzi 14, na oksijeni imepunguzwa ili moto usiweze kuwaka. Mitambo ndiyo inayoleta na kurudisha, kwa kuwa watu hawakai mle. Tuliposoma habari hiyo tulimkumbuka mama na kasha lake, tukaona haya.

Lakini maktaba haina bahasha yako. Kwa hiyo tunasema tuliyojifunza kwa hasara yetu. Kwanza kabisa, kabla ya chochote, toa nakala. Fotokopi ya kawaida kama hii mnayoisoma ina wino wa unga, nao ni kaboni na plastiki iliyoyeyushwa kwa joto ikashikana na karatasi, na karatasi nyingi za ofisini za siku hizi zina chokaa inayozuia asidi. Jarida letu hili dogo, ambalo baadhi ya vijana hulicheka kwa umasikini wake, litaishi kuliko magazeti makubwa ya London yaliyochapwa siku hiyohiyo. Mwenye mashine ya skana au simu nzuri na apige picha pia, karatasi ikiwa imelala sawasawa na mwanga usiwe wa jua kali.

Kipande chenyewe usikibandike selotepu, kwani gundi yake huingia ndani ya nyuzi na kuzitia rangi isiyotoka. Wala usikipeleke kutiwa plastiki ya moto. Jamaa yetu mmoja alipeleka tanzia ya babu yake katika duka moja la mjini, wakaipitisha kwenye mashine, ikatoka imejikunja katikati ya jina la marehemu, na plastiki ile haibanduki tena. Kiweke katika mfuko wa plastiki safi usiogandishwa, au baina ya karatasi mbili nyeupe nzuri, ndani ya sanduku, kabatini mwa chumba cha kulala. Darini hapafai kwa joto la kiangazi na baridi ya kipupwe, na chini ya nyumba mna unyevu. Usikitie ndani ya msahafu wala albamu ya picha, maana asidi yake huhamia jirani na kuacha doa la kahawia lenye umbo la kipande chenyewe. Na kabla hujasahau, andika kwa penseli, juu ya nakala, jina la gazeti na tarehe. Mkasi una tabia ya kukata habari na kuacha tarehe, na wengi wetu tuna vipande visivyo na mwaka.

Sisi tumekishusha kipande chetu ukutani. Tulikipiga picha kwa mwanga wa pembeni, mama watoto akishika taa, na kijana wa jirani akaongeza weusi kwa kompyuta yake. Baba amerudi kidogo. Taharizi yake inaonekana, na mkono wake uliomshika bega mwenziwe. Maelezo yaliyo chini ya picha yanasema tu kuwa ni makarani wa gati, bila ya majina. Tuliituma nakala kwa mzee wetu mmoja aliyeko Maskati, aliyekwisha kupita miaka themanini na aliyepata kufanya kazi gatini akiwa kijana, naye akawatambua wawili wengine mara moja, akatueleza wamezikwa wapi. Majina yao sasa yameandikwa kwa penseli nyuma ya nakala.

Wamebaki wawili. Wa pili kutoka kulia amevaa kanzu na kofia ya viua, na ana kovu juu ya jicho, kama si doa la karatasi. Wa mwisho kushoto ni mrefu, amekumbatia daftari kubwa, na amegeuza uso kidogo kama aliyeitwa na mtu wakati picha inapigwa. Nakala kumi tumeziacha juu ya meza ya jarida, pale zinapogaiwa nakala za kila mwezi. Anayemjua mmoja wao, au aliyeona kwao picha kama hii, aandike jina nyuma ya nakala na kuirudisha mezani.